Uso Kwenye Ukumbi wa Ridhaa

Mtu wa kwanza kukata tamaa mbele ya picha ya Kokushubila alikuwa fundi aliyeitundika. Alipigilia msumari, akaning'iniza fremu, akavuta kitambaa cheusi kilichoifunika kama alivyoagizwa, kisha akashuka ngazi aone kama imekaa sawa. Ilikuwa imelalia upande kidogo. Akaitazama, akaona hakuna haja ya kuinyoosha. Akaona pia hakuna haja ya kukunja ngazi, wala kwenda kula, wala kupokea simu ya mkewe iliyokuwa ikiita mfukoni. Walimkuta amekaa sakafuni na nyundo mapajani, hana homa wala jeraha. Walipomkokota nje akakaa juani kidogo, akapepesa macho, akauliza nani ameiacha ngazi yake ndani.

Fundi huyo, Rwechungura, alikisimulia kisa chake gengeni kama kichekesho, na watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Kokushubila alikuwa hapo hapo akichagua nyanya.

"Picha yako ina mambo, dada Koku," Rwechungura alimwambia. "Tangu nioe sijawahi kumsahau mama watoto. Jana nilimsahau."

"Picha yangu ipi?"

"Ile uliyojichora mwenyewe. Unatazama kama mtu aliyefungiwa nje na mvua inanyesha."

Koku akaweka nyanya chini. Picha hiyo alikuwa ameitoa kwa nyumba moja ya kuliwaza wafiwa kule mjini, na kwa kadiri alivyojua ilikuwa huko mpaka leo. "Uliitundika wapi, Rwechungura?"

"Ukumbi wa Ridhaa. Pale tutakapokwenda Alhamisi kusema kama tunahama au hatuhami." Akaanza kucheka tena, lakini alipouona uso wa Koku kicheko kikamwishia njiani.

*

Rangi ya moyo haikuwa jambo geni kwa mtu yeyote zama hizo. Mchoraji alivaa kikuku mkononi, na waya mwembamba ulitoka kwenye kikuku ukaingia kwenye mpini wa brashi. Kikuku kilisikiliza mapigo ya damu na jasho la ngozi, brashi ikayapeleka kwenye rangi ikiwa bado mbichi, na chembe zilizomo ndani ya rangi, ndogo kuliko vumbi, zikajipanga namna moja kwa furaha na namna nyingine kwa huzuni. Rangi ikikauka, chembe hazikusogea tena. Mwanga ulizigonga ukarudi na mpangilio ule ule, ukaingia jichoni mwa mtazamaji, na moyo wake ukafuata kabla akili haijaulizwa. Ilikuwa rangi ghali, kwa hiyo ilitumika machoni tu mwa sura iliyochorwa. Kwingine kote ilikuwa rangi ya kawaida.

Koku alikuwa hodari wa utulivu. Zahanati nyingi za wilaya zilikuwa na nyuso zake ukutani, na wanawake wengi walijifungua wakitazama macho aliyoyachora yeye, wakimlaani mume lakini wakipumua vizuri.

Wachoraji wa rangi hii walikuwa na mwiko mmoja: usijichore. Ukimchora mtu mwingine, hisia yako inatoka inakwenda zake. Ukijichora, unajitazama kwenye kioo, unaipaka hisia yako kwenye turubai, kisha unayainulia macho yale yale uliyoyapaka, nayo yanakurudishia ulichoyapa, unapaka tena kilichozidi. Ni kama kipaza sauti kikisogezwa karibu na spika yake. Sauti ndogo inajizungusha mpaka inakuwa ukelele.

Koku aliuvunja mwiko huo kwa ajili ya mama yake. Kiharusi kilimlaza mama kitandani na kumchukulia ulimi, na Koku, mtu wa kutuliza wilaya nzima, akawa hana la kumfanyia. Kila sura ya utulivu aliyomletea, mama aliigeuzia shavu ukutani. Siku moja Koku akachoka kuleta utulivu. Akakaa na kioo pembeni ya kitanda, akajichora kama alivyokuwa: mtoto anayemtazama mama yake akizama na kamba haifiki. Alipomwonyesha, mama akaitazama picha kwa muda mrefu, akalia, akaukamata mkono wa binti yake kwa vidole vilivyokuwa bado vinamtii. Mtu alikuwa ameukubali ukweli wake hatimaye. Mama alikufa kabla mwezi haujaandama, na Koku akaipeleka picha kwenye nyumba ya wafiwa, ambako watu walikaa mbele yake, wakalia hadi wakamaliza, wakarudi makwao wepesi, kwa kuwa walikuja na huzuni yao tayari; asiye na yake ingempa kukata tamaa tupu. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya, na alilijua hilo.

Tatizo ni kwamba rangi haikuwa yake. Rangi yote ya moyo ilitoka serikalini, na kila mchoraji alikubali siku ya kwanza kwamba kilichochorwa nayo kinaweza kuhamishiwa ukuta wowote.

*

Bwana Mutashobya, afisa wa Idara ya Uhamisho, alimpokea Koku kwa adabu zote. Alivaa miwani ya kijivu iliyokata mwanga wa chembe, kama walivyovaa wafanyakazi wake wote, na alimpa Koku buni za kahawa za kutafuna kama inavyompasa mwenyeji wa Kihaya.

"Dada yangu, sheria iko wazi," alisema. "Uwanja wa roketi hauwezi kujengwa kijijini kwenu Kyabaramba mpaka nusu ya wenye vibanja vya migomba waridhie. Bila nguvu, bila vitisho, bila hongo. Mimi nimelazimisha nani? Nimetundika pambo."

"Umetundika kifo cha mama yangu."

"Nimetundika kazi ya msanii wa hapa hapa. Watu walilalamika kwamba ofisi zetu zina picha za wageni." Alisema hivyo bila kutabasamu, na Koku hakuweza kujua kama anamdhihaki au anaamini. "Hata hivyo, mchoraji ana haki ya kuisahihisha kazi yake. Njoo kesho na brashi zako. Ukitaka macho yacheke, yachekeshe. Sitakuzuia."

Koku alitoka pale karibu amshukuru. Baadaye alijilaumu kwamba hakuuliza kwa nini mtu anakubali kirahisi hivyo.

Kesho yake alikwenda. Wachoraji hawaanzi kazi mpaka wameipandisha hisia wanayoitaka, kila mtu kwa njia yake, na Koku alitumia kumbukumbu. Alikaa ameipa picha mgongo, akaikumbuka arusi ya binamu yake, pale bwana arusi alipokaa juu ya keki akidhani ni mto, na jinsi mama alivyocheka mpaka akaomba apelekwe nje. Taa ya kikuku ikawa kijani, hisia imepanda. Koku akacheka peke yake ukumbini. Akachovya brashi, akageuka, akayainulia macho yale uso.

Taa ikazimika.

Hakuacha. Hilo ndilo lililomuuma baadaye kuliko yote, kwamba mkono haukuacha. Ulijua kazi yake, ukapaka. Akaongeza mwanga kwenye mboni, akaivuta pembe ya mdomo juu. Kila alipoongeza, kilichomo ndani yake kilikuwa kizito kuliko kilichokuwamo alipoanza, na brashi ilikipeleka chote kwenye rangi mbichi. Alipodondosha brashi, uso ule ulikuwa na tabasamu. Lilikuwa tabasamu la mtu anayemwambia daktari ahsante baada ya kuambiwa kwamba dawa hakuna.

Mutashobya alikuja, akaitazama kupitia miwani yake. "Imetulia zaidi," alisema, akamshika Koku kiwiko, akamtoa nje taratibu.

*

Alikwenda kuwaonya watu. Hapo ndipo alipokutana na ugonjwa wa Kyabaramba, ambao hauna chanjo: watu wa pale hawajawahi kukubali kwamba kuna kitu kinawaweza. Mzee Kaijage, mwenye kibanja kikubwa kuliko vyote, alimsikiliza mpaka mwisho, akamtazama kwa huruma.

"Binti yetu ametundikwa serikalini," alisema, "na wewe unataka tuingie tumefumba macho? Watasema hatukuzaa watu, tulizaa vipofu."

"Baba, hata mkitaka kufumba hamwezi. Mashine inasoma mboni ya jicho, na wameiweka chini ya picha. Lazima utazame huko huko. Nawaomba msiende kabisa."

"Asiyekwenda anahesabiwa ameridhia. Tutakwenda, na tutasema hapana kwa Kihaya, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Picha ya kutuogofya sisi bado haijachorwa, waitu, binti yetu."

Na kwa kweli walianza kujiandaa kama watu wanaokwenda arusini. Makoti yalitolewa kabatini yakapigwa pasi. Wanawake walisukana. Kuna waliopanga kupiga picha mbele ya picha. Koku alipita nyumba kwa nyumba akasema yale yale, na kila alikoingia alipongezwa kwa umaarufu wake. Alitamani kuwapiga makofi, na alitamani kuwakumbatia.

Shangazi yake Kagemulo pekee ndiye hakumpongeza. Shangazi alikuwa kipofu tangu surua ya utotoni, akiishi kwenye kibanja cha mama yake Koku, na alikuwa amekaa kizingitini akimenya ndizi aliposikia habari yote. Kaburi la mama lilikuwa pale pale nyuma ya nyumba, kati ya migomba, na udongo wake ulikuwa bado haujashikana vizuri.

"Hiyo rangi inauawa na nini?" shangazi aliuliza.

"Siki. Ikiyagusa macho, chembe zinaachana. Lakini nikiiharibu mimi nitafungwa. Na isitoshe, nikiitazama tu nguvu zinaniishia."

"Mimi hainipati."

"Hainuki wala haisemi, shangazi. Utajuaje iko wapi? Imetundikwa juu. Ukiyakosa macho yake umelowesha nguo ya mtu tu."

Shangazi akamenya ndizi nyingine. "Nani huwa ananiambia nielekeze wapi bomba tunapopulizia migomba dawa?"

"Mimi."

"Kwa hiyo? Ile migomba ni mirefu kuliko picha yako. Wewe unasema kushoto, juu, hapo hapo, mimi napuliza. Kikongwe kipofu kimebeba kibomba cha maji ya kupoza uso, kimeteleza kidole. Watamfunga nani?" Akaipapasa mikono ya Koku, akaipata. "Ingia umefumba macho, mimi nitakuongoza. Tukifika mbele yake fumbua, niambie, fumba tena. Mikono ninayo. Nakuomba jicho la kuazima tu, mwanangu."

Koku aliyafikiria macho yale, akataka kukataa. Lakini yeye ndiye aliyeichora. Alijua kila chembe ilivyojipanga na kwa nini. Alijiambia kwamba mtu anayeujua mtego namna hiyo hawezi kuchelewa ndani yake kwa muda wa kutamka neno moja. Alilisema kwa sauti, na shangazi akasema ndiyo, na wote wawili walitaka sana kuliamini.

*

Alhamisi asubuhi wakaenda. Mlinzi wa mlangoni alikichungulia kikapu cha shangazi, akauliza kibomba ni cha nini, akaambiwa ni maji ya uso kwa sababu ya joto. Akawapisha.

Koku aliingia amefumba macho, ameshika kanga ya shangazi yake kwa nyuma. Shangazi aliijua njia kwa sauti ya hatua za watu sakafuni. Foleni ilikuwa ndefu, na kwa kuwa Koku haoni, alisikia. Nyuma yao, nje, watu wa Kyabaramba walikuwa wakipiga soga kwa sauti zao kubwa, wakitaniana kuhusu makoti. Kisha mtu akivuka kizingiti sentensi yake ilipungua kasi. Ilifika katikati, ikasimama. Hakuna aliyeimalizia. Mbele yao ilisikika sauti moja tu, ya mashine, laini kama ya nesi.

"Tazama juu. Je, unaridhia kuhama?"

"Ndiyo."

"Ahsante. Anayefuata. Tazama juu. Je, unaridhia kuhama?"

"Ndiyo, waitu."

Kila mmoja alijibu kwa sauti ya mtu anayejibu akiwa anatafuta soksi. Hakukuwa na kilio, hakukuwa na ubishi. Koku aliwatambua wote. Alimtambua mwalimu wa kwaya. Alimtambua Rwechungura, ambaye safari hii hakuwa na kichekesho chochote. Alimsikia Mzee Kaijage akikohoa kusafisha koo kama afanyavyo kabla ya hotuba, akasubiri lugha zile zote alizoziahidi, na mzee akasema, "Ndiyo," akaongeza polepole, kama anayemwonea haya mtu asiyejulikana, "haidhuru."

Koku alimsukuma shangazi kidogo mgongoni. Shangazi akasogea. Hatimaye kanga ikasimama, na Koku akajua wamefika mbele.

"Tazama juu," ilisema mashine.

Kibomba kilitoka kikapuni. Koku alikisikia kikijazwa upepo, kile kibubujiko kidogo alichokizoea shambani. Shangazi aliunyoosha mkono juu.

"Sasa," alinong'ona.

Koku akafumbua macho.

Uso wake ulikuwa pale, mkubwa kuliko alivyoukumbuka, unamtazama. Mkono wa shangazi ulikuwa umeelekea kulia mno na chini kidogo. Ilitakiwa aseme kushoto, na juu. Maneno hayo yalikuwa mepesi, mtoto angeyasema, nayo yalikuwapo mdomoni kabisa. Aliyaona. Akayaacha yakae.

Alijua kinachotokea. Hilo halikumtoka hata kidogo. Alijua kwamba chembe zile ziliupanga mwanga, na mwanga uliupanga moyo wake, na kwamba wazo lililokuwa linamjia sasa si lake bali ni la rangi. Lakini kulijua hakukumsaidia kitu. Lilikuwa wazo la busara sana. Hata tukiiharibu hii, wataleta nyingine. Uwanja utajengwa hapa au pengine. Mama ameshakufa, hatakufa tena kwa kuhamishwa. Yule aliyemtazama kutoka ukutani alikwisha kujaribu kila kitu, na alikuwa anatabasamu, na hakuwa anamlaumu mtu.

"Koku," shangazi alinong'ona. "Kushoto au kulia?"

Koku aliisikia hofu ndani ya sauti ile, akaionea huruma kama unavyomwonea mtu wa mbali kwenye redio.

"Koku, mwanangu. Juu au chini? Sema lolote."

Mkono wa mwanamke mzee ulianza kuchoka kwa kunyooshwa. Akabahatisha, akapuliza. Siki ikamwagika kwenye bega la picha, ikatiririka juu ya kanga aliyochorwa nayo Koku, ikadondoka sakafuni ikinuka kama kachumbari. Watu wa foleni walitazama tu. Shangazi akasogeza mkono, akajaza upepo tena, akatafuta angani, akikipeleka kibomba huku na huku kama anayebisha hodi kwenye nyumba isiyo na mlango, na kwa muda mfupi mdomo wa kibomba ulipita sawasawa mbele ya macho yale. Neno moja tu lingetosha, "hapo." Koku aliuona ukipita, akauona ukiondoka.

Akauinua mkono wake mwenyewe, akaushika ule wa shangazi, na kwa upole kabisa akaushusha.

"Utachoka bure, shangazi."

Mlinzi mwenye miwani ya kijivu akaja, akakichukua kibomba bila kufoka. Mashine ilikuwa bado inasubiri, na haikuwa na haraka. Kibanja kilikuwa kwa jina la Koku tangu mama alipofariki, na shangazi hakuwa na neno la kisheria juu yake. Hata hivyo shangazi alisema hapana, akasema tena kwa sauti kubwa zaidi, akasema kwamba mke wa kaka yake hazikwi mara mbili, akachanganya maneno, akaanza upya. Mashine haikumrekodi.

"Tazama juu. Je, unaridhia kuhama?"

Koku alijitazama. Mtu yule wa ukutani alikuwa anajua jibu tayari, na kumkatalia kungekuwa ukatili usio na maana.

"Ndiyo," alisema.

"Ahsante. Anayefuata."

Akauzungusha mkono wake kwenye mkono wa shangazi, kama walivyozoea kutembea, akamgeuza taratibu kuelekea mlangoni. Nje jua lilikuwa linawaka, na ndani ya Koku, mbali sana, kitu fulani kilikuwa kinajua kwamba likimpiga ataamka.

"Twende nyumbani, shangazi," alisema.

Shangazi hakusogea. Alikuwa amesimama amegeuza sikio kwake, kama asikilizaye mtu asiyemfahamu.

"Nyumbani wapi?" aliuliza.